Fundi wa stima si kila mwenye bisibisi

NYUMBA imekamilika. Rangi imepakwa, vigae vimewekwa, mapazia yametundikwa. Wageni wanaokuja kuiona huisifu dari na milango. Hakuna hata mmoja anayeuliza habari za waya zilizofukiwa ndani ya kuta, ilhali hizo ndizo zinazoweza kuiteketeza nyumba hiyo usiku mmoja, wenyewe wakiwa wamelala.

Hapo ndipo kazi ya fundi wa umeme inapotofautiana na kazi za mafundi wengine. Seremala akikosea, mlango hupinda na kila mtu huona. Fundi wa mabomba akikosea, maji huvuja sakafuni siku iyo hiyo. Lakini kosa la fundi wa umeme hujificha. Taa zinawaka, redio inaimba, na mwenye nyumba anaamini kuwa mambo ni shwari. Kosa lenyewe laweza kungoja mwaka mzima kabla ya kudai chake.

Tuchukue mfano wa Ngoliba. Ukiondoka mjini Thika kwa barabara ya Garissa, ukaipita Makongeni na kuelekea upande wa Kilimambogo, unaingia eneo kavu ambako familia nyingi za jijini zina wazazi au zimenunua kipande cha ardhi. Katika miaka ya 1920, kituo kidogo cha kuzalisha umeme kwa maji kilijengwa Ndula, kwenye Mto Thika. Hata hivyo, kwa miongo mingi baadaye nyumba nyingi za mashambani ziliendelea kuwasha koroboi.

Mambo yalianza kubadilika kwa kasi mwaka wa 2015, serikali ilipoanzisha mradi wa Last Mile. Ada ya kuunganishiwa umeme ilipunguzwa kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000, na waliolengwa ni wale waliokuwa umbali usiozidi mita 600 kutoka kwa transfoma. Baadhi ya nyumba ambazo hazikuwa na waya zilipewa kibao kimoja chenye soketi na mahali pa balbu, basi.

Tatizo limeanzia hapo. Kibao kilichokusudiwa balbu na redio kimeongezewa runinga, kisha pasi, kisha friji, kisha taa za kuwapasha joto vifaranga. Waya imevutwa dirishani hadi jikoni, kutoka jikoni hadi kibandani. Siku ya kumwita fundi imefika. Je, ni fundi yupi?

Mpaka ni mita

Jambo la kwanza ni kujua kazi ni ya nani. Nguzo, waya za nje na mita ni mali ya Kenya Power. Kuanzia mita kuingia ndani ya nyumba ni jukumu lako wewe mwenye nyumba na fundi wako.

Kwa hiyo umeme ukipotea, usikimbilie simu ya fundi. Tazama kama tokeni zimekwisha. Chungulia kwa jirani uone kama naye yuko gizani. Kisha kagua swichi kuu. Ikiwa mtaa mzima una giza, au waya ya nguzoni imekatika, hiyo ni kazi ya kampuni, na nambari yake ya dharura ni 97771. Waya iliyoanguka isisogelewe na mtu wala mnyama, hata kama unadhani haina moto.

Fundi atakayejitolea kufungua lakiri ya mita, au kukuunganishia umeme usiopitia kwenye mita ili upunguze gharama, mwonyeshe mlango. Huo ni wizi mbele ya sheria, na waya ya namna hiyo haina kinga yoyote ikipata hitilafu.

Wa mtaani ana faida zake

Wako wanaoamini kuwa fundi mzuri lazima atoke Nairobi. Si kweli. Fundi wa karibu ana mambo mawili ambayo wa mbali hana. Kwanza, unaweza kwenda kuziona nyumba alizozifanyia kazi na kuwauliza wenyewe. Usiulize tu kama taa zinawaka. Uliza kama swichi kuu hujizima ovyo, kama kuna soketi inayopata joto, kama kuna aliyepigwa shoti bafuni. Pili, likitokea jambo usiku, wa karibu atafika. Jina lake liko mtaani na hawezi kulikimbia.

Lakini ujirani si leseni. Kwamba kijana ni mwana wa rafiki yako, au amekuwa akitengeneza redio sokoni tangu utotoni, hakumfanyi astahili kufungua sanduku la swichi la nyumba yako.

Kwa mujibu wa Sheria ya Nishati ya mwaka wa 2019, anayefanya kazi ya kuweka umeme katika majengo anatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, yaani EPRA. Leseni hizo zina madaraja, kuanzia C2 kwa kazi ndogo hadi A1 kwa kazi kubwa. Nyumba ya kawaida haihitaji fundi wa daraja la juu, lakini inahitaji mwenye leseni. Mwombe akuonyeshe. Soma jina, daraja na tarehe ya mwisho. Fundi halali hatakasirika.

Usichanganye leseni na cheti cha masomo. Cheti cha chuo cha ufundi, au cha mtihani wa NITA ambao huanzia gredi ya tatu na kupanda hadi ya kwanza, chaonyesha kuwa mtu amejifunza kazi. Leseni yaonyesha kuwa ameruhusiwa kuifanya. Unataka vyote viwili.

Kuna desturi moja mbaya ambayo wenye nyumba wengi hukubali bila kujua. Kazi inafanywa na asiye na leseni. Ikimalizika, anatafutwa mwenye leseni atie sahihi cheti cha kukamilika kwa kazi, kile kinachopelekwa Kenya Power ili mita iletwe, naye anatia sahihi bila kuiona nyumba. Karatasi ni safi, nyumba haikupimwa. Dai kumwona anayetia sahihi akiwa ndani ya nyumba yako, na vifaa vyake mkononi.

Hesabu ya bafu

Hakuna mahali fundi hujulikana upesi kama katika kazi ya bafu la maji moto ya papo hapo. Watu wengi hununua kifaa hicho na kumwambia fundi akifunge kwa waya iliyopo. Hebu tufanye hesabu.

Umeme wetu ni volti 240. Kifaa cha wati 5,500 hutumia ampea 23 hivi. Soketi ya ukutani ni ya ampea 13 tu. Waya ya taa ni ya milimita 1.5, na ya soketi ni ya milimita 2.5. Ukikiunganisha kifaa hicho kwa waya za taa, zitapata moto ndani ya ukuta kila mtu anapooga, na plastiki yake itayeyuka polepole. Kwa kawaida bafu hutakiwa kuwa na waya yake peke yake kutoka kwenye sanduku la swichi, ya milimita 6, na kubwa zaidi kwa kifaa kikubwa au mahali pa mbali, pamoja na swichi yake ya kujizima.

Fundi akikuambia kuwa swichi ikijizima mara kwa mara dawa ni kuweka kubwa zaidi, huyo hajui kazi. Swichi hiyo inailinda waya. Ukiikuza swichi ukaiacha waya ile ile, umemwondoa mlinzi ili mwizi aingie kwa raha.

Waya ya uhai

Kuna waya moja ambayo nyumba inaweza kukaa miaka bila kuwa nayo na kila kitu kikafanya kazi. Ni waya ya ethi, ile ya rangi ya kijani na manjano, inayoupeleka ardhini umeme uliovuja badala ya kuupitisha mwilini mwa mtu. Kwa sababu taa huwaka bila hiyo, ndiyo ya kwanza kuachwa na fundi anayebana gharama.

Inaishia kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini. Wakazi wa Ngoliba wazingatie jambo hili: ardhi kavu haipitishi umeme vizuri kama ardhi yenye unyevu. Fimbo fupi iliyopigwa wakati wa mvua yaweza kuwa pambo tu kiangazi kikifika. Kwa hiyo fundi aipime kwa kifaa, si kwa macho, na ikibidi aongeze fimbo nyingine au aizamishe zaidi.

Pamoja na ethi, mwambie aweke swichi ya usalama ya miliampea 30, inayouzima umeme pindi unapovuja. Ina kitufe cha kuijaribia. Kibonyeze mbele yake, na baadaye ukibonyeze mara kwa mara. Ikikataa kuzima, ibadilishwe.

Kwa nyumba za zamani kuna mtego wa rangi. Zamani waya yenye moto ilikuwa nyekundu na ya kurudisha nyeusi. Uingereza, ambako kanuni zetu nyingi zilitoka, ilibadilisha mwaka wa 2004: yenye moto ikawa kahawia na ya kurudisha buluu. Nyumba iliyoongezwa vyumba yaweza kuwa na rangi za aina zote mbili. Katika nyumba ya fezi tatu mambo ni mabaya zaidi, kwani buluu ya zamani ilikuwa na moto. Fundi anayeamini rangi bila kupima anacheza na maisha yake na yako.

Fedha na maandishi

Mafundi wengi hutoza kwa pointi, yaani kila taa, swichi au soketi. Kabla ya kazi kuanza, hesabuni pointi pamoja, mziandike na mtie sahihi. Lipa kwa awamu, na uache kiasi cha mwisho hadi kazi ipimwe. Malipo ya M-Pesa yana faida kuwa yanaacha ushahidi.

Nunua vifaa mwenyewe, au uandamane naye dukani. Waya halali ina jina la mtengenezaji na kipimo chake kwenye plastiki, pamoja na alama ya ubora. Kwangua ncha kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba.

Kabla ukuta haujapigwa plasta, zipige picha paipu zote zilizomo. Siku utakapotaka kupigilia msumari wa saa au wa picha, utajua waya zimepita wapi.

Kazi ikiisha, kaa naye apime waya zote kwa mashine maalumu, si kwa ile bisibisi yenye kitaa peke yake. Kisha akukabidhi cheti chenye sahihi yake, na ukihifadhi pamoja na hati ya shamba.

Wapangaji na wanafunzi

Wanaopanga Ruiru, Juja na Thika huenda wakasema haya ni ya wenye nyumba. La. Kabla ya kulipa kodi ya mwezi wa kwanza, washa kila swichi na uguse kila soketi kuona kama inashika kwa uthabiti. Soketi yenye weusi wa moshi, au inayotoa mlio, ni ya kuripotiwa, si ya kuvumiliwa. Koili ya kuchemshia maji ndani ya ndoo izimwe na kuchomolewa kabla mkono haujaingia majini. Na kebo ya soketi nyingi iliyochomekwa kwenye kebo nyingine si suluhisho.

Mwenzako akipigwa na umeme, usimshike. Zima swichi kuu kwanza. Ikiwa haifikiki, simama pakavu na umsukume kwa mti mkavu, kisha umpeleke hospitali hata kama anasema yu mzima.

Fundi mwenye leseni hutoza zaidi ya yule wa kubahatisha. Lakini fedha hizo zinalipia vitu usivyoviona: waya ya unene unaofaa, fimbo iliyozama, na saa moja ya kupima. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Katika stima, ghali yenyewe huwa si ya shilingi.