Mashine ya mabango: hesabu mita za mraba kabla ya kuhesabu fedha

Kazi ya kuandika mabango imebadilika sana nchini. Zamani fundi alihitaji brashi, rangi na mkono usiotetemeka. Leo mwenye duka la pembejeo, saluni au mashine ya kusaga anataka bango la turubai lenye picha, na analitaka kesho asubuhi. Mabadiliko hayo yamewavutia watu wengi wenye mitaji midogo, wakiwamo wakulima waliouza mazao vizuri na wanaotafuta mahali pa kuzungushia fedha zao nje ya msimu.

Mara nyingi swali linaloulizwa kwanza ni mashine ya aina gani iliyo bora. Ni swali la msingi, lakini halipaswi kuwa la kwanza. La kwanza ni hili: kwa mwezi mmoja, una uhakika wa kazi ya mita za mraba ngapi? Asiyekuwa na jibu la swali hilo bado hajawa tayari kununua mashine ya kuchapa, hata kama muuzaji amempunguzia bei. Mkopo wa mashine ya aina hii mara nyingi huwekewa dhamana ya nyumba au shamba, hivyo kosa la hesabu linaweza kuondoka na vyote viwili.

Mashine mbili, kazi mbili

Biashara hii ina mashine kuu mbili. Ya kwanza ni ya kuchapa, ambayo hurusha wino kwenye turubai au stika na kutoa picha ya rangi. Ya pili ni ya kukata, ambayo mafundi wengi huiita plota. Hii haina wino. Ina kisu kidogo kinachokata herufi na maumbo kwenye stika ya rangi moja, kisha fundi huondoa mabaki na kubandika kilichobaki.

Wengi huidharau plota kwa sababu haitoi picha. Lakini majina kwenye milango ya magari, maandishi ya vioo vya maduka, namba za jezi na yale maneno ya nyuma ya bajaji yote hutoka kwenye plota. Bei yake ni ndogo mara kadhaa kuliko ya mashine ya kuchapa, haiharibiki kwa kukaa bila kazi, na kisu kikichakaa hubadilishwa kwa dakika chache.

Hesabu ya mfano

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kujifunzia tu. Msomaji aweke bei za mji wake. Tuseme mashine ya kuchapa, pamoja na kufungiwa na kifaa cha kulinda umeme, imegharimu Sh18 milioni na itatumika miaka 5. Uchakavu wake ni Sh300,000 kwa mwezi. Ongeza riba ya mkopo Sh150,000, mshahara wa fundi Sh350,000, pango na umeme Sh150,000, na matengenezo Sh150,000. Jumla ni Sh1,100,000 kwa mwezi, na fedha hizo zitatoka hata kama hakuna mteja aliyeingia.

Tuseme tena kwamba turubai, wino na uharibifu vinagharimu Sh4,500 kwa mita moja ya mraba, nawe unauza kwa Sh10,000. Unabakiwa na Sh5,500. Gawanya Sh1,100,000 kwa Sh5,500 upate mita 200. Hapo ndipo gharama zinarudi bila faida wala hasara. Kwa siku 25 za kazi, ni mita 8 kila siku, yaani mabango manne ya mita 1 kwa 2, kila siku bila kukosa.

Wengi huishia hapo na kusema, "Mita 200 nitazipata." Hata hivyo, kuna hesabu ya pili ambayo ndiyo muhimu zaidi. Badala ya kununua, unaweza kupokea kazi, ukatengeneza mchoro kwenye kompyuta yako, na kuipeleka kwa mwenye mashine kubwa akuchapie kwa bei ya jumla. Tuseme anakutoza Sh7,000 kwa mita. Ukiuza kwa Sh10,000 unabakiwa na Sh3,000, na huna mzigo wa Sh1,100,000 kila mwezi.

Sasa linganisha. Kwa mita 250 kwa mwezi, mwenye mashine anabakiwa na Sh275,000. Asiye na mashine anabakiwa na Sh750,000. Mashine yako inakuongezea Sh2,500 tu kwa kila mita, yaani tofauti ya Sh7,000 na Sh4,500. Gawanya Sh1,100,000 kwa Sh2,500: unahitaji mita 440 kwa mwezi ndipo mashine yako iwe sawa na kuchapisha kwa mwingine. Faida ya kumiliki inaanzia juu ya hapo.

Aliye mbali na mji mkubwa ana hesabu tofauti kidogo. Kama kusafirisha mzigo kwa basi kunaongeza Sh1,000 kwa mita, kiwango hicho kinashuka hadi mita 315 hivi. Ucheleweshaji nao una gharama yake, kwani mteja wa msiba au harusi hasubiri.

Mkulima anaielewa hoja hii bila kufundishwa. Mwenye ekari 5 hanunui trekta, anakodi. Trekta ni zuri, lakini ekari zake haziwezi kulilisha.

Jihadhari na kazi za msimu

Mahitaji ya mabango hayako sawa mwaka mzima. Hupanda kuelekea Sabasaba mwezi Julai na Nanenane mwezi Agosti, halafu hushuka. Uchaguzi Mkuu hupandisha zaidi, lakini huja mara moja kwa miaka 5. Aliyenunua mashine kwa kutazama kazi za mwaka 2025 atasubiri hadi 2030 kuona kazi kama zile, na marejesho ya benki hayasubiri kampeni.

Kwa hiyo, andika kwenye daftari kila kazi unayopokea kwa miezi 6 hadi 12: tarehe, upana, urefu na bei. Tumia wastani wa miezi ya kawaida, usitumie mwezi uliovunja rekodi. Daftari hilo litakusaidia hata mbele ya ofisa mikopo.

Lebo za bidhaa za kilimo

Vipo vikundi vya wakulima vinavyosindika asali, alizeti, unga wa lishe au viungo, na vinajiuliza kama vinunue mashine vichape lebo vyenyewe. Hesabu ni rahisi. Lebo ya sentimita 8 kwa 10, ukiacha nafasi za kukatia, hutoka takriban 100 kwenye mita moja ya mraba. Kikundi kinachouza chupa 1,000 kwa mwezi kinahitaji mita 10 tu. Hakina sababu ya kununua mashine.

Kwa mwenye duka la mabango, hata hivyo, vikundi hivyo ni wateja wazuri. Viwanda vya uchapaji hupendelea oda za maelfu, ilhali kikundi kinachoanza kinataka lebo 300 leo na kubadilisha uzito au tarehe mwezi ujao. Lebo hizo zibandikwe nje ya chupa, wino usiguse chakula, na zifunikwe kwa laminesheni ili mafuta na maji visizifute.

Ukifikia wakati wa kununua

Daftari likionyesha kwamba umevuka kiwango chako, ndipo uchague mashine. Anza na wino. Wino wa solventi hudumu juani na hufaa mabango makubwa, lakini harufu yake ni kali na chumba lazima kipitishe hewa vizuri. Eko-solventi una harufu ndogo na hufaa stika na mabango ya kawaida, ingawa inashauriwa kazi iachwe takriban saa 24 kabla ya laminesheni. Wino wa latex, ulioletwa sokoni na kampuni ya HP mwaka 2008, una asili ya maji na kazi hutoka ikiwa kavu, lakini hukaushwa kwa joto, hivyo hula umeme zaidi.

Pili ni upana. Mashine ya mita 1.6 hutosha kwa stika na mabango mengi ya maduka. Ya mita 3.2 ni ya mabango ya barabarani. Usilipie upana utakaoutumia mara mbili kwa mwaka, kwa sababu turubai linaweza kuunganishwa.

Tatu, amua kama utachukua mashine inayochapa na kukata kwa pamoja au mbili tofauti. Ya pamoja hubana nafasi na hukata picha bila kupotea mstari. Lakini inapokata haichapi, na ikiharibika kazi zote mbili husimama. Ukichukua mbili, hakikisha plota ina jicho la kusoma alama zilizochapwa pembeni mwa picha. Bila jicho hilo, haiwezi kukata kwa kufuata umbo la picha.

Nne ni kichwa cha kuchapia, sehemu yenye matundu madogo yanayotoa wino. Hii ndiyo sehemu ghali inayochakaa. Kabla ya kulipa, uliza bei ya kichwa kipya, nani anacho hapa nchini, na fundi atafika kwa siku ngapi. Mashine ya bei poa ambayo kichwa chake kinaagizwa nje inaweza kusimama mwezi mzima.

Kwa mashine iliyotumika, omba ichape mbele yako karatasi ya majaribio ya matundu. Mistari ikikatika hata baada ya kusafishwa, huo ni mwanzo wa gharama. Kumbuka pia kwamba wino hukauka kwenye matundu mashine isipofanya kazi. Ichape japo kipande kidogo kila siku, na ilindwe na vumbi na umeme unaopanda na kushuka.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kununua plota na kompyuta, kujifunza kuchora vizuri, na kuchapisha kwa wengine huku akijaza daftari. Kwa bei za mfano wetu, plota ya Sh1.5 milioni itakayotumika miaka 3 inakudai Sh42,000 hivi kwa mwezi. Ni mzigo ambao hata mwezi mbaya unaweza kuubeba. Wateja wakiongezeka hadi kuvuka kiwango, mashine ya kuchapa utaingia kuinunua ukiwa na kazi mkononi, na shamba lako likiwa bado ni lako.