Taya la Mtoto Lisisubiri Ukubwa

Mzazi wa Hasamba, mkoani Songwe, akiona kidevu cha mwanawe kimeelekea upande mmoja, aghalabu hujiliwaza kuwa akikua kitanyooka. Wengine hunong'ona habari za husuda. Sisi tunasema: kukua ndiko kunakoweza kuizidisha kasoro hiyo, na kukua huko huko ndiko kunakompa tabibu nafasi ya kuirekebisha.

Chanzo kimojawapo ni taya la juu kuwa jembamba, pengine kwa kunyonya kidole miaka mingi. Magego yasipokutana sawasawa, mtoto husogeza taya la chini kando ili apate kutafuna, na mifupa ikikulia katika mkao huo, uso huweza kupinda. Tabibu humtengenezea kibao cha plastiki cha kuvaa kaakaani, chenye skrubu katikati. Mzazi huizungusha robo mzunguko kwa ratiba aliyopewa, na kila mara kibao hufunguka kiasi cha robo milimita. Kazi hii ni nyepesi kabla ya balehe. Baadaye maungio ya kaakaa hukaza, na mtu mzima huenda akahitaji upasuaji.

Chanzo kingine ni kuanguka. Kidevu kikipasuka, ngozi hushonwa na jambo likasahauliwa. Kumbe kiungo cha taya karibu na sikio huweza kuwa kimevunjika. Upande huo ukidumaa, uso hupinda. Kiungo kikigandana, mdomo hukataa kufunguka, na hapo kifaa pekee hakitoshi.

Wapo wanaohofia kubadili maumbile. Kilichokatazwa ni kuachanisha meno kwa ajili ya urembo. Ama kuondoa dhara, hiyo ni tiba. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Arfaja bin As'ad, aliyepoteza pua vitani, aliamriwa na Mtume (s.a.w.) aweke pua ya dhahabu.

Basi mketishe mwanao, afungue mdomo na kuufunga taratibu. Kidevu kikihama anapouma, au mdomo ukifunguka kidogo tu baada ya kuanguka, usingoje. Hata asiyeonesha dalili ni vyema meno yake yatazamwe afikapo miaka 7. Aanzie kwa daktari wa meno wa hospitali ya rufaa ya mkoa. Ikibidi, ataelekezwa Mbeya au Muhimbili.

Safari hiyo ni gharama, hatukatai. Lakini mtoto ni amana, na umri wake haurudi nyuma.