Uvimbe wa titi kwa wanawake vijana: pimwa kwanza kabla ya kupasuliwa

Mwanamke wa miaka 20 au 30 akipata uvimbe kwenye titi, mara nyingi si saratani. Huenda ni jipu la kunyonyesha, kifuko cha maji au uvimbe mwingine usio na madhara. Lakini upo ugonjwa mmoja wa nadra unaoweza kufanana na hali hizo: limfoma ya titi. Ugonjwa huu unaweza kukua haraka, ila ukigunduliwa mapema unaweza kutibiwa na mgonjwa akapona bila kukatwa titi.

Limfoma ni nini?

Ni saratani ya chembe nyeupe za damu zinazokinga mwili dhidi ya magonjwa. Kwa kawaida huanzia kwenye tezi za shingoni, kwapani au kinenani. Ni mara chache sana kuanzia kwenye titi: kati ya saratani 100 za matiti, haifiki hata 1.

Wengi wanaoipata ni wanawake wenye umri mkubwa. Kwa vijana, aina inayohitaji haraka zaidi ni limfoma ya Burkitt, ambayo hapa kwetu hujulikana zaidi kwa kuvimbisha taya za watoto katika maeneo yenye malaria nyingi. Kwa wanawake, huweza kujitokeza wakati wa ujauzito au kunyonyesha, na mara nyingi hushika matiti yote mawili. Watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi wako katika hatari zaidi ya kupata limfoma.

Dalili za kuangalia

- Uvimbe unaokua ndani ya siku au wiki chache, mara nyingi bila maumivu
- Titi moja au yote mawili kuwa makubwa, mazito na magumu
- Tezi kuvimba kwapani
- Homa isiyoeleweka, jasho jingi usiku au kupungua uzito

Ukipewa dawa za jipu, ukamaliza dozi na uvimbe haujapungua, rudi hospitalini. Ukiona unazidi kukua, usingoje dozi iishe.

Hugunduliwaje?

Picha ya ultrasaundi huonyesha uvimbe, lakini haiwezi kuthibitisha ni wa aina gani. Daktari hutumia sindano maalum kutoa kipande kidogo cha nyama ya uvimbe na kukipeleka maabara. Kipimo hiki hakisambazi saratani, kama wengine wanavyohofia. Ikithibitishwa ni limfoma, hufuata vipimo vya damu, virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya B, pamoja na picha za kuonyesha ugonjwa umefika wapi.

Matibabu

Hapa ndipo majibu ya maabara yanapookoa titi. Limfoma hutibiwa hasa kwa dawa za saratani zinazotiwa mshipani kwa awamu, wakati mwingine pamoja na miale. Kukata titi hakumwongezei mgonjwa nafasi ya kupona, na kunaweza kuchelewesha dawa anazohitaji. Kwa hivyo, kabla ya kukubali kukatwa titi, uliza: "Majibu ya maabara yanasema ni saratani ya aina gani?"

Mjamzito pia anaweza kutibiwa. Dawa nyingi hizi huepukwa katika miezi 3 ya kwanza ya mimba, kisha madaktari hupanga matibabu wakizingatia mama na mtoto. Anayenyonyesha huacha kunyonyesha anapotumia dawa hizo. Ukitarajia kuzaa baadaye, mwambie daktari kabla ya kuanza.

Cha kufanya

Fika kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, au zungumza na mhudumu wa afya wa kijijini. Ukihitaji vipimo zaidi, omba barua ya rufaa. Matibabu ya saratani yamo katika huduma za SHA, hadi kiwango kilichowekwa. Jisajili kupitia *147# na uhakikishe michango yako imelipwa.