Gari lililofutwa na bima

Gari lililofutwa na bima ni gari ambalo kampuni ya bima imeamua kutolitengeneza baada ya ajali, mafuriko, moto au wizi, kwa kuwa gharama za matengenezo zinakaribia au zinazidi thamani ya gari lenyewe. Kampuni humlipa mwenye gari fidia, kisha huchukua kilichobaki na kukiuza. Hasara ya namna hiyo huitwa hasara kamili, na gari lenyewe huitwa mabaki. Baadhi ya mabaki huishia kuwa spea au chuma chakavu. Mengine hunyooshwa, hupakwa rangi na kurudi barabarani, yakiuzwa kwa bei ya chini kuliko magari mengine ya aina ileile.

Nchini Tanzania kadi ya usajili wa gari hutaja namba ya gari, namba ya chesisi, namba ya injini, aina, mwaka wa kutengenezwa, rangi na jina la mmiliki. Haielezi kama gari liliwahi kupata ajali. Kwa sababu hiyo mnunuzi hana budi kuitafuta historia hiyo mwenyewe kabla ya kulipa.

Utaratibu katika nchi nyingine

Nchini Marekani hati ya umiliki wa gari lililofutwa huwekwa alama maalumu. Likishatengenezwa na kukaguliwa, hati hupewa alama nyingine inayoonyesha kuwa gari limejengwa upya. Kiwango cha uharibifu kinachohitajika hutofautiana kati ya majimbo: Oklahoma ni asilimia 60 ya thamani ya gari, lakini Texas ni asilimia 100. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, mamia ya maelfu ya magari yaliharibiwa na maji, na baadhi yake yaliuzwa katika majimbo ya mbali kwa wanunuzi wasiojua habari zake.

Nchini Uingereza mabaki hugawanywa katika makundi manne tangu Oktoba 2017. Kundi A ni magari ya kusagwa yote, na kundi B hutolewa spea tu. Kundi S ni yale yaliyoharibika muundo wake lakini yanaweza kutengenezwa, na kundi N ni yale ambayo muundo wake haukuguswa.

Japani, chimbuko la magari mengi yaliyotumika yanayoingia Afrika Mashariki, huuza magari hayo kwenye minada. Kila gari huwa na karatasi ya mnada yenye alama za ubora. Gari lililowahi kutengenezwa baada ya kuumia sehemu za muundo kwa kawaida hupewa alama ya R au RA badala ya namba ya daraja. Mnunuzi anayeagiza gari anaweza kumwomba muuzaji karatasi hiyo, akailinganisha na namba ya chesisi.

Hali nchini Tanzania

Mabaki hufika sokoni kwa njia kuu mbili. Njia ya kwanza ni magari yaliyopata ajali hapa nchini, ambayo kampuni za bima huyauza kwa zabuni au mnada. Wanunuzi huwa mafundi, wafanyabiashara wa spea na madalali. Njia ya pili ni magari yaliyoagizwa kutoka nje yakiwa tayari yameumia.

Katika njia ya pili, unafuu wa bei mara nyingi huwa mdogo kuliko unavyodhaniwa. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hukadiria kodi ya gari lililotumika kwa kuangalia aina yake, mwaka na ujazo wa injini. Kwa kawaida bei ndogo aliyolipa mnunuzi huko nje haipunguzi kodi kwa uwiano uleule.

Namba ya usajili nayo huwapotosha wengi. Watu husema gari ni "namba D" au "namba E" wakimaanisha kuwa ni jipya. Herufi hizo huonyesha tu lini gari lilisajiliwa Tanzania. Hazionyeshi lilitengenezwa mwaka gani wala lilipitia nini kabla ya hapo.

Mazingira ya uwanda wa Makonde

Wilaya ya Tandahimba, mkoani Mtwara, iko juu ya uwanda wa Makonde pamoja na Newala. Zao kubwa la biashara ni korosho, ambayo huuzwa kwa minada kupitia vyama vya ushirika na mfumo wa stakabadhi ghalani. Minada huanza kwa kawaida mwezi Oktoba, na fedha hufika kwa wakulima ndani ya miezi michache. Huo ndio wakati familia nyingi hununua mabati, pikipiki au gari. Fedha ya msimu mmoja ikipotea, hakuna nyingine kubwa hadi msimu unaofuata, na ada za shule na viuatilifu vya mikorosho havisubiri.

Dar es Salaam, kwenye yadi nyingi za magari, iko umbali wa zaidi ya kilomita 600. Mnunuzi wa Tandahimba akigundua kasoro baada ya kufika nyumbani, kumrudia muuzaji ni safari ya gharama. Vifaa vya kupima na kunyoosha chesisi ni adimu nje ya miji mikubwa. Barabara za vijijini zina mchanga mwingi, na anayeshuka kutoka Newala kuelekea Masasi hukuta miteremko mikali. Gari lenye chesisi iliyopinda hula matairi upande mmoja na huvuta pembeni dereva anapofunga breki. Kwenye mteremko kasoro hiyo huhatarisha maisha ya abiria.

Kupiga hesabu

Bei ya kununulia ni sehemu tu ya gharama. Tuchukue mfano wa kubuni: gari safi linauzwa shilingi milioni 14, na la aina hiyohiyo lililogongwa mbele linauzwa milioni 8.

- Bei ya gari: 8,000,000
- Kunyoosha chesisi na kuchomelea: 1,500,000
- Mifuko ya hewa na mikanda: 1,200,000
- Rejeta, taa na bampa: 1,300,000
- Puti na rangi: 800,000
- Kulisafirisha juu ya lori: 600,000
- Jumla: 13,400,000

Tofauti ya milioni 6 imebaki laki 6. Bado hazijahesabiwa siku ambazo gari litakaa gereji bila kuingiza kitu, wala punguzo atakalolazimika kutoa mwenye gari atakapotaka kuliuza. Bima ndogo, inayolinda watu wengine, ni ya lazima kisheria. Bima kubwa hutegemea kampuni: inaweza kukataa gari la namna hii au kulikadiria kwa thamani ya chini.

Ukaguzi kabla ya kununua

Ukaguzi hufanywa mchana, gari likiwa kavu, na fundi aliyechaguliwa na mnunuzi mwenyewe, si fundi wa muuzaji wala wa dalali. Mambo ya kuangalia ni haya:

- Namba ya chesisi kwenye gari ilingane na ya kwenye kadi. Namba iliyokwanguliwa au kuchomelewa upya ni sababu ya kuachana na gari hilo.
- Nafasi kati ya milango, boneti na bodi zilingane pande zote mbili.
- Sumaku ndogo ipitishwe kwenye bodi. Mahali penye puti nene haishiki vizuri.
- Chini ya zulia, ndani ya buti na kwenye nguzo za milango patazamwe alama za kuchomelea. Baadhi ya magari huungwa kutoka vipande viwili vya magari tofauti.
- Taa ya mfuko wa hewa iwake funguo inapozungushwa, kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda imekatwa makusudi.
- Harufu ya uvundo, mchanga chini ya viti na kutu kwenye vyuma vya viti ni dalili za mafuriko. Kasoro za nyaya huweza kujitokeza miezi mingi baadaye.
- Faini za barabarani zinazodaiwa ziangaliwe kwa namba ya gari kwenye mfumo wa Polisi.

Upande wa sheria

Chini ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, aliyeingia mkataba kwa kudanganywa anaweza kuomba utenguliwe. Lakini sheria hiyo hutoa angalizo: kunyamaza tu kuhusu jambo, kwa kawaida, si udanganyifu. Aidha, mtu ambaye angeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida huweza kukosa haki hiyo katika baadhi ya mazingira.

Kwa hiyo ni muhimu muuzaji aulizwe waziwazi kama gari liliwahi kupata ajali kubwa au kulipwa na bima kama hasara kamili, na jibu lake liandikwe kwenye mkataba wa mauziano mbele ya mashahidi. Muuzaji anayekataa kuliandika ametoa jibu tayari. Baada ya malipo, umiliki huhamishwa TRA. Kadi ikibaki na jina la mtu mwingine, mnunuzi hatapata urahisi kuthibitisha kuwa gari ni lake.

Wakati ununuzi unafaa

Si kila gari lililofutwa ni baya. Gari lililoibwa likapatikana baada ya fidia kulipwa, au lililoumia bodi bila chesisi kuguswa, linaweza kutumika miaka mingi. Fundi mwenye gereji yake hupata nafuu kubwa zaidi, kwa kuwa halipi ufundi na ana njia ya spea. Wapo pia wanaonunua mabaki ili kupata injini na giaboksi kwa ajili ya gari jingine.

Gari lililopinda chesisi, lililozama kwenye maji au lisilo na karatasi kamili halifai kwa mtu anayetegemea gari moja kusafirisha familia na mzigo. Kwake, gari dogo safi la bei ileile huwa salama zaidi.