Huruma Isiyohama: Mafunzo kutoka Oldeani, Karatu

 

Ndugu zetu wasomaji, katika msikiti wa Mtume mjini Madina palikuwa na mahali penye kivuli paitwapo Suffa. Hapo walilala Waislamu walioyahama makwao, nao hawana nyumba, hawana mali, wala hawana jamaa wa kuwapokea. Mmoja wao alikuwa Sayyidna Abu Huraira (R.A.), ambaye kwake zimepokewa hadithi za Mtume zaidi ya 5,000. Mtume alipoletewa sadaka aliwapelekea yote, na alipoletewa zawadi alikula pamoja nao. Tena aliwagawa kwa masahaba zake, huyu amchukue mtu mmoja kwake, na yule awachukue wawili, wakale chakula cha jioni pamoja na watoto wa nyumba.

Tuutazame vizuri mpango huo. Maskini wale hawakutengwa nje ya mji, mbali na macho ya watu. Waliwekwa mahali ambapo kila mwenye kuswali lazima awaone mara tano kwa siku. Hivyo asiye na makazi alikuwa jirani wa Mtume mwenyewe, na jirani hasahauliki.

Basi jambo tunalotaka kulisema katika makala haya ni moja. Mtu asiye na makazi ahitaji chakula na nguo, naam, lakini zaidi ya hayo ahitaji mtu atakayebaki naye. Mfano wake tumeuona katika nchi yetu wenyewe, upande wa Karatu, nasi twausimulia ili kila nyumba ya Kiislamu ijipime.

Mgeni aliyekuja kupanda mlima

Asafiriye kutoka Arusha kwenda Ngorongoro hupita Makuyuni na Mto wa Mbu, akaukwea ukuta wa Bonde la Ufa, kisha akaingia Karatu. Maelfu ya wageni hupita njia hiyo kila mwaka, macho yao yakiitazamia Kreta na wanyama wake. Ni wachache waiachao barabara kuu wakaelekea Oldeani, kwenye mashamba ya kahawa yaliyofunguliwa na walowezi wa Kijerumani karibu miaka mia moja iliyopita, chini ya mlima wenye jina hilo hilo.

Mashamba hayo yamelimwa kwa mikono ya vibarua, na wengi wao wametoka mbali. Mtu akitoka mbali, ukoo wake hubaki mbali vilevile. Mtoto akifiwa na wazazi wake katika kambi ya shamba, huenda bibi yake na shangazi zake wako safari ya siku nyingi, na huenda hata kijiji chao hakijui. Tena katika miaka ya 1990 na ile iliyofuata, maradhi ya ukimwi yaliwaondoa wazazi wengi katika nchi yetu, wakabaki watoto wanaolelewa na vikongwe, au wanaojilea wenyewe.

Mwaka 1998 alifika nchini mwanamke wa Kimarekani, Bibi India Howell, kwa nia ya kuupanda Mlima Kilimanjaro. Baadaye alirejea kufanya kazi katika mambo ya utalii. Humo akakutana na Mtanzania, Bwana Peter Leon Mmassy, na wote wawili wakaguswa na hali ya watoto wasio na pa kulala. Mwaka 2004 wakafungua huko Oldeani makao yajulikanayo kwa jina la Rift Valley Children's Village, yaani Kijiji cha Watoto cha Bonde la Ufa. Watoto waliolelewa hapo wamezidi mia moja, na jina walilompa mwenyeji wao ni Mama India.

Kuna wasafiri wengi waliomwona mtoto wa mitaani wakampa shilingi, wakampiga picha, wakaenda zao. Yapo pia makao, katika nchi mbalimbali, yaliyowakusanya watoto wenye wazazi wao wazima ili wageni waone huruma na kutoa fedha. Mwenendo wa Oldeani ulikuwa mwingine. Bibi Howell na Bwana Mmassy walijifanya walezi wa watoto hao kwa mujibu wa sheria, wakakusudia kwamba mtoto akishaingia hapo, hapo ndipo kwao. Hagawiwi kwa watu wa nchi za mbali. Anakua katika nchi yake, anasema lugha yake, anasoma na watoto wa majirani, na hata akiwa mtu mzima anao mlango wa kurudia siku ya furaha na siku ya msiba.

Jambo la pili la kuangalia ni kwamba hawakujenga ukuta baina ya watoto hao na kijiji. Mtoto wa makao akisoma katika shule nzuri, na mtoto wa kibarua jirani yake akikaa chini mavumbini, huruma hiyo itazaa husuda. Kwa hiyo walitia nguvu zao katika shule ya msingi ya jirani, iitwayo Gyetighi, na majirani wakafunguliwa mlango wa matibabu pamoja na watoto.

Katika matibabu hayo walisaidiwa na madaktari wa FAME ya Karatu, ambayo nayo ina kisa cha kufanana. Daktari Frank Artress, bingwa wa dawa za usingizi katika upasuaji wa moyo huko California, aliupanda Kilimanjaro mwaka 2002. Karibu na kilele mapafu yake yakajaa maji, akakikurubia kifo. Alipopona, yeye na mkewe, Bibi Susan Gustafson, waliacha maisha yao ya raha wakahamia Tanzania. Walianza kwa kuzunguka vijijini na dawa garini. Mwaka 2008 wakafungua zahanati mjini Karatu, na mwaka 2012 ikawa hospitali yenye wodi za kulaza wagonjwa. Watu hawa wote walipita njia ile ile wapitayo maelfu. Wenzao waliondoka, wao walibaki.

Je, habari hizi zatuhusu?

Huenda msomaji akauliza, kwa nini gazeti la Waislamu limsifu mtu aliyetoka ng'ambo? Twamjibu kwa Sira ya Mtume wetu. Kabla ya kupewa Utume alihudhuria nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, ambako watu wa Makka walifunga ahadi ya kumsaidia kila aliyedhulumiwa, mwenyeji au mgeni. Ahadi hiyo yaitwa Hilful Fudhul. Waliofunga ahadi ile hawakuwa Waislamu. Hata hivyo Mtume, baada ya Uislamu kusimama, alisema kwamba lau angeitwa kwa ahadi kama ile angeitika. Basi wema haupungui thamani kwa sababu umetendwa na mwingine. Linalopasa kutuuma ni hili: yeye alivuka bahari kumfuata yatima, na sisi yatima yuko nyuma ya nyumba yetu.

Tena sisi tumeamrishwa. Katika Sura ya Al-Maun, Mwenyezi Mungu amemtaja anayemsukuma yatima na asiyehimiza kulishwa maskini kuwa ndiye anayekadhibisha malipo ya Siku ya Mwisho, na wenye kuswali huku wameghafilika wakatajwa katika sura hiyo hiyo. Mtume naye ameahidi kwamba mlezi wa yatima atakuwa karibu naye Peponi kama vidole viwili vilivyo karibu. Hatujui ahadi kubwa kuliko hiyo kwa mama wa nyumbani anayeongeza sahani moja kwenye sinia.

Wazee waliotumikia wakasahauliwa

Wasio na makazi si watoto peke yao. Katika miji na vijiji vyetu wako wazee waliotoa ujana wao kwa kazi za watu wote, na wengine kwa vita, kisha uzee ukawakuta hawana kitu. Katika vita vya 1914 hadi 1918 wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na maradhi. Mwaka 1927 sanamu ya Askari ilisimamishwa Dar es Salaam kwa ukumbusho, lakini wengi wa marehemu wale hawana kaburi lijulikanalo wala jina lililoandikwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, na huenda hesabu ikafika 350,000.

Katika vita vya pili vijana wa Tanganyika waliingia jeshi la King's African Rifles, wakapigana Uhabeshi, Madagaska na Burma. Ilikuwa mwaka 2018, miaka 73 baada ya vita kwisha, ndipo Uingereza ilipotangaza mfuko wa kuwapatia wazee maskini waliotumika katika majeshi yake ya makoloni, na wajane wao, milo miwili kwa siku. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Kisha wapo wa karibu zaidi, waliokwenda Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, nao sasa ni wazee. Wengine wao wamezungukwa na wajukuu. Wengine hawana wa kuwapikia uji.

Uislamu umetufundisha namna ya kuwatendea watu hao. Sayyidna Umar (R.A.) aliweka daftari la kuwalipa waliotumikia dini, na waliopigana Badri akawawekea dirhamu 5,000 kila mwaka. Siku moja alipokuwa sokoni, akamjia mjane kijana akimwambia kwamba mumewe amekufa, ameacha watoto wadogo wasio na shamba wala mifugo, na kwamba baba yake, Khufaf wa kabila la Ghifar, alikuwa pamoja na Mtume Hudaibiya. Umar alisimama naye, hakuendelea na safari yake. Akamtwika ngamia mwenye nguvu magunia mawili ya chakula, na katikati akatia fedha na nguo, akampa kamba ya ngamia mkononi. Mtu mmoja akasema amempa kingi mno. Umar akamkumbusha kwamba baba na ndugu wa mwanamke yule walipigana kuiteka ngome, na wao waliobaki wanakula matunda ya kazi hiyo.

Imepokewa pia kwamba alimwona mzee Myahudi, kipofu, akiomba mlangoni kwa watu. Akamchukua nyumbani kwake, akampa, kisha akaamuru atunzwe kwa Baitul Mali, akisema si haki kuula ujana wa mtu kisha kumtupa akizeeka. Neno hilo latosha kuwa kipimo cha kila mji, kila kijiji na kila jamaa.

La kufanya majumbani mwetu

Pengine baba mmoja atasema, "Sisi hatuna uwezo wa kujenga kijiji." Naam, na wala hakuna aliyekuagiza kujenga kijiji. Suffa ilijazwa na kuhudumiwa kwa sahani za nyumba moja moja.

Kwanza, kila jamaa ya msikiti iwajue watu wake: ni yatima gani wasio na mlezi, ni mzee gani alalaye peke yake. Jambo hilo halihitaji fedha, lahitaji daftari na mtu mwaminifu.

Pili, anayetaka kumlea mtoto asiye wake na apite njia ya haki. Afike kwanza ofisi ya ustawi wa jamii, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka utaratibu wake, na utaratibu huo humlinda mtoto asichukuliwe na mwenye nia mbaya. Na katika sheria ya dini yetu, yatima abaki na jina la baba yake, kama ilivyoamrishwa katika Sura ya Al-Ahzab, na mali yake ihifadhiwe mpaka abaleghe, kama ilivyoamrishwa katika Sura ya An-Nisaa. Tunamlea kwa mapenzi yote, wala hatumfutii nasaba yake.

Tatu, mwenye nyumba ya kupangisha anaweza kuweka wakfu chumba kimoja, kodi yake iwalishe wazee wawili. Wakfu haulii wala haujisifu, bali wabaki baada ya mwenyewe kuingia kaburini, na thawabu zake humfuata huko.

Nne, na hili twawaambia vijana: mchagueni mzee mmoja, mwendee kila Ijumaa baada ya Swala. Mteke maji, mfulie, kisha mkae msikilize habari zake. Msimwendee mwezi wa Ramadhani peke yake mkamwacha miezi kumi na mmoja. Mzee hufurahi kwa tende mlizompelekea, lakini hufurahi zaidi akijua kwamba Ijumaa ijayo mlango wake utabishwa tena.

Watu wa Oldeani hawakuwa na siri kubwa kuliko hiyo. Mtoto aliamka asubuhi akamkuta mlezi wake, na kesho yake akamkuta tena, na mwaka wa pili, na wa kumi. Huko ndiko kusitiri. Mwenyezi Mungu atujaalie nyumba zenye nafasi, na mioyo yenye nafasi kuliko nyumba, na atulinde tusiwe miongoni mwa wanaomsukuma yatima na kuusahau uzee wa waliotutumikia. Amin.