Mzigo wa Mama Mahagi

Sogeeni karibu, watoto, niwasimulie habari ya mpakiaji.

Alfajiri hapa Bunia, kwenye kituo cha magari, mizigo imerundikana chini: magunia ya maharagwe, madumu ya mawese, vifurushi vilivyoandikwa kwa kalamu nene. Gari moja linakwenda Mahagi, la pili Mambasa, la tatu linateremka Kasenyi, ufukweni mwa Ziwa Albert. Mpakiaji hawajui wenye mizigo, wala hafungui kitu. Anasoma maandishi tu: hiki huku, kile kule. Jua likichomoza, rundo limekwisha.

Sasa tazameni barua pepe za yaya yenu anayesoma chuo kikuu. Mwaka 1971, Ray Tomlinson alipotuma ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine huko Marekani, hapakuwa na rundo la kupanga. Leo kikasha cha yaya kinajaa usiku mmoja: ratiba ya profesa, risiti, matangazo ya viatu. Asubuhi ratiba imefunikwa na viatu.

Dawa yake ni kumpata mpakiaji asiyelala. Huyu anaelewa maneno mawili: ikiwa na basi. Ikiwa barua imetoka kwenye anwani ya profesa, basi iwekwe kwenye folda ya Masomo. Ikiwa imetoka dukani, basi iende Matangazo. Agizo la namna hiyo huitwa kichujio. Kwa Gmail, mnaliandika kwenye kompyuta, ndani ya Mipangilio. Programu ya simu haina nafasi hiyo. Lakini likishaandikwa, barua zinapangwa huko huko zinakopokelewa, hata kama simu imezimwa na megabaiti zimekwisha.

Tuseme siku moja kimeletwa kifurushi kilichoandikwa "Mama Mahagi, Mambasa". Mama huyu kwao ni Mahagi, ndiyo maana wanamwita hivyo, ila duka lake liko Mambasa. Mpakiaji anaona neno "Mahagi" tu, anakirusha kwenye gari la Mahagi. Mama anangoja wiki nzima.

Kichujio nacho husoma hivyo hivyo. Ukikiamuru kitupe kila barua yenye neno "bure", basi profesa akiandika "kitabu hiki mtakipata bure", barua yake inatupwa pamoja na matangazo. Kwenye Gmail, kilichotupwa hukaa siku 30, kisha hufutwa kabisa. Kwa hiyo aminini anwani kabla ya neno, na kabla ya kuamuru kitu kitupwe, amuruni kwanza kiwekwe kando.

Anzeni na folda tatu tu. Na kila Jumamosi zifungueni, mpekue taratibu. Huenda mzigo wa Mama Mahagi umelala humo.