Mwanamume anapofika kwa daktari bila kuugua: Anayopimwa na sababu zake

WANAUME wengi nchini hupimwa afya mara mbili au tatu tu maishani: wanapojiunga na chuo, wanapoajiriwa na wanapochukua bima. Fomu ikishapigwa muhuri, daktari husahaulika hadi maumivu yatakapozidi. Miaka 20 inaweza kupita hivyo, na ndiyo miaka ambayo shinikizo la damu na kisukari huanza kuujongea mwili pasi na kutoa dalili yoyote.

Sababu zinazotajwa ni kazi, gharama na foleni. Ipo nyingine isemwayo kwa minong'ono, nayo ni hofu ya kidole cha daktari. Hofu hiyo imekuzwa kuliko inavyostahili. Uchunguzi wa kawaida huchukua takriban nusu saa, na sehemu yake kubwa ni mazungumzo.

Daktari, au afisa wa kliniki katika vituo vingi vya umma, huanza kwa kuuliza. Je, baba yu hai? Kama alifariki, alikuwa na maradhi gani na umri gani? Yupo ndugu aliyewahi kupata kiharusi, kisukari au saratani? Huuliza pia kuhusu sigara, usingizi na pombe. Jibu la swali la pombe aghalabu hupunguzwa, jambo linalomdhuru mjibuji mwenyewe, kwa kuwa dawa atakazopewa na tafsiri ya vipimo vya ini lake hutegemea ukweli huo.

Swali linalowafanya wengi kuinamisha macho ni lile la nguvu za kiume. Wengine hudhani ni udadisi, ilhali ni miongoni mwa maswali yenye uzito mkubwa kabisa. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, hivyo athari za kuziba huonekana huko mapema zaidi. Kwa mwanamume wa makamo, upungufu wa nguvu za kiume unaweza kuwa ishara ya kwanza ya maradhi ya moyo au kisukari, miaka kadhaa kabla ya kifua kuuma. Anayejinunulia vidonge kwa siri huificha ishara na kuuacha ugonjwa ukiendelea. Isitoshe, vidonge hivyo vikichanganywa na baadhi ya dawa za moyo, hasa zile za aina ya naitreti, vinaweza kushusha shinikizo la damu ghafla na kuhatarisha maisha.

Baada ya maswali hufuata kipimo ambacho, kama mtu angekubali kimoja tu, kingefaa kuwa hicho: shinikizo la damu, au presha kama wengi wanavyoiita. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulibainisha kuwa zaidi ya nusu ya Wakenya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha. Kipimo chenyewe hakina uchungu, lakini huharibika kwa urahisi. Anayepimwa anapaswa kuketi kwa utulivu dakika tano, mgongo ukiwa umeegemezwa, miguu ikiwa sakafuni na mkono ukiwa sambamba na moyo. Hapaswi kuzungumza, wala kuwa amevuta sigara au kunywa kahawa katika nusu saa iliyotangulia. Kibofu kilichojaa nacho hupandisha namba. Mtu aliyepanda ngazi mbio na kupimwa papo hapo ana haki ya kuomba arudiwe. Kiwango cha 140 juu ya 90 au zaidi, kikijirudia siku tofauti, ndicho huitwa shinikizo la juu la damu.

Uzani, urefu na kiuno hupimwa haraka. Mzunguko wa kiuno unaozidi sentimita 94 huashiria hatari ya kisukari na moyo, hata kama mwenyewe hukiita kitambi chake dalili ya neema. Kisha daktari hutazama macho na kinywa, hupapasa shingo, husikiliza moyo na mapafu, na hubonyeza tumbo ili kujua iwapo ini au wengu umevimba.

Hatimaye huja sehemu ya kuvua nguo. Korodani hupapaswa kutafuta uvimbe, hasa kwa vijana, kwani saratani ya sehemu hiyo huwapata zaidi walio chini ya miaka 40. Kuagizwa akohoe si mzaha. Kikohozi husukuma ngiri ikajitokeza. Anayepimwa anaweza kuomba daktari wa kiume au mtu wa tatu awepo, na anaweza kukataa.

Na kidole je? Kwa mwanamume wa miaka 30 asiye na tatizo la mkojo, kwa kawaida hakihusiki. Mjadala kuhusu tezi dume huanza yapata miaka 50, au mapema zaidi kwa aliye na baba au ndugu aliyeugua saratani hiyo. Wanaume wenye asili ya Afrika wako katika hatari kubwa, kwa hivyo wengi hushauriwa kuanza wakiwa na miaka 45. Mara nyingi kinachotangulia ni kipimo cha damu kiitwacho PSA. Kidole kikihitajika, shughuli huisha kabla ya dakika moja. PSA ya juu si lazima iwe saratani: tezi iliyokua kwa uzee, maambukizi, kuendesha baiskeli au tendo la ndoa siku moja kabla huweza kuipandisha.

Damu ya sukari hutolewa baada ya kufunga saa nane, maji yakiruhusiwa. Kiwango cha milimoli 7 au zaidi kwa lita huashiria kisukari. Mkojo hupimwa protini ili kujua hali ya figo. Kipimo cha virusi vya Ukimwi huweza kupendekezwa, lakini sheria ya 2006 inadai ridhaa ya mhusika.

Kabla ya kuondoka, inafaa aombe nakala ya majibu na kuihifadhi. Aliyekuwa na presha ya 118 juu ya 76 miaka mitatu iliyopita na leo ana 136 juu ya 86 ana jambo la kuzungumza na daktari, ijapokuwa hajaufikia mpaka wa ugonjwa.